Kwa nini onyo la kimbunga husimamisha boti za uvuvi

Boti za kukodi zinazopeleka wageni kuvua sulisuli na jodari Watamu na Malindi hutegemea msimu wa kaskazi. Kusi likianza, bahari huchafuka na safari hupungua. Kwa hiyo siku za mwisho za msimu ni muhimu kwa kipato cha manahodha na mabaharia, na wengine hushawishika kupuuza onyo.

Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipiga Kisiwa cha Mafia, Tanzania. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitahadharisha Pwani ya Kenya pia kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa.

Ni nadra kimbunga kufika Kenya. Kimbunga huzunguka kwa msukumo wa mzunguko wa dunia, na karibu na Ikweta msukumo huo ni dhaifu. Hata hivyo, mawimbi yake husafiri mamia ya kilomita. Asubuhi ufuoni panaweza kuwa shwari, kumbe nje ya miamba bahari imechafuka. Hatari huzidi boti inapopita mlango wa mwamba ikirudi.

Wenye boti wanashauriwa:

- Kukubaliana na wageni mapema kuhusu kuahirisha safari na kurejesha malipo.
- Kufuatilia utabiri kila siku na kuuliza ofisi ya BMU iliyo karibu kabla ya kung'oa nanga.
- Onyo likitolewa, kuingiza boti mahali penye kinga na kuongeza kamba za nanga.

Safari iliyoahirishwa inaweza kupangwa upya.