Akaunti Iko Katesh, Mwenyewe Yuko Muscat

Mgogoro kati ya mteja na benki huanza kwa jambo linaloonekana dogo: makato yamefanyika mara mbili, mashine ya ATM haikutoa noti lakini salio limepungua, akaunti imefungiwa bila maelezo, au fedha zimechotwa na mtu asiyejulikana. Anayeishi Haydom, Dongobesh au Katesh huenda tawini, akamwona ofisa uso kwa uso na kurudi tena kesho yake asiporidhika. Anayeishi nje ya nchi hawezi kufanya hivyo, na fedha zilizo hatarini mara nyingi ni jasho la miaka.

Kutoka wilaya za Mbulu na Hanang wapo wanaofanya kazi za nyumbani Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Wapo mapadre na masista wa Jimbo Katoliki la Mbulu wanaosoma Ulaya, na wapo waliofika Norway kwa sababu ya uhusiano wa muda mrefu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Wengi wao huacha akaunti nyumbani kwa ajili ya ujenzi, ada za wadogo zao, au kukodi shamba la vitunguu saumu Mbulu au la ngano upande wa Basotu.

Tatizo likitokea, familia nyingi humtuma kaka au shangazi aende benki kuuliza, naye hurudi mikono mitupu akiwa na hasira. Ofisa aliyemkatalia, hata hivyo, alikuwa sahihi. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inaitaka benki kutunza siri za mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imekaza zaidi. Undugu peke yake haumpi mtu haki ya kuambiwa salio la mwenzake, hata kama ni mama mzazi.

Hatari kubwa zaidi ni ile njia ya mkato ya kumwachia ndugu kadi na namba ya siri. Masharti ya benki humtaka mteja asimpe mtu yeyote namba hiyo. Fedha zikipotea baadaye, benki itauliza nani mwingine aliijua, na jibu la kweli litaibomoa hoja ya mlalamikaji hata kama mwizi alikuwa mtu mwingine kabisa. Malalamiko mengi ya haki hufia hapo.

Si kila lalamiko linahitaji mwakilishi. Mwenye akaunti anaweza kuandika mwenyewe kwa barua pepe, akitumia anwani aliyoisajili benki, akaambatisha nakala ya pasipoti na kitambulisho cha NIDA. Hiyo inatosha kuanzisha shauri, na ndivyo inavyofaa kuanza. Hati ya uwakilishi huhitajika pale ambapo mtu lazima afike mwenyewe: kusaini fomu, kuchukua nyaraka halisi, kuhudhuria kikao au kusimama mahakamani.

Hati hiyo ikiandikwa kwa haraka huleta shida mpya. Inapaswa kutaja jina la benki, tawi, namba ya akaunti, jambo linalogombewa na mipaka ya mamlaka. Mwakilishi anaweza kupewa uwezo wa kuomba taarifa ya akaunti, kuwasilisha malalamiko na kupokea majibu, huku ikiandikwa wazi kwamba hana ruhusa ya kutoa fedha. Mstari huo mmoja umezuia ugomvi wa ndugu ambao ungekuwa mkubwa kuliko ugomvi na benki. Baada ya kuandikwa, hati husainiwa mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa nchi husika. Aliyeko Oman ana ubalozi wa Tanzania Muscat. Aliyeko Norway huhudumiwa na ubalozi ulioko Stockholm, Sweden, hivyo inambidi apange safari au atume nyaraka kwa posta. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 uliorahisisha uthibitishaji wa nyaraka kati ya mataifa. Kwa sababu hiyo hati iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji wa kigeni hupita wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wa Tanzania. Ikifika nyumbani hulipiwa ushuru wa stempu. Nakala iliyopigwa skani inaweza kutangulia, lakini benki itataka kuona hati halisi.

Majina nayo huzaa shida ambayo watu wa Mbulu na Hanang wanaijua kuliko wengi. Kiiraqw kina sauti ambazo makarani wengi hawajazizoea, na huziandika wanavyozisikia. Hhando huwa Hando, Tluway huwa Tluwai, Qamara hupoteza Q yake na kuwa Kamara. Kitabu cha benki kilichofunguliwa miaka mingi iliyopita kina jina moja, NIDA ina lingine, na pasipoti ina la tatu. Mwenye akaunti akiwa tawini, ofisa anayemfahamu hutabasamu na kuendelea na kazi. Akiwa mbali, tofauti ya herufi moja inatosha kusimamisha shauri kwa wiki nyingi. Dawa yake ni hati ya kiapo inayothibitisha kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ikiambatana na barua ya utambulisho kutoka kwa ofisa mtendaji wa kijiji au kata. Ni vyema iandaliwe kabla ya safari. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine ana kazi zaidi, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha na kitambulisho chake cha zamani hakiwezi tena kumtambulisha kama raia.

Nyaraka zinazoachwa kwa wazazi nazo haziko salama kila wakati. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliifunika sehemu ya Katesh na vijiji kama Jorodom, vikaua watu zaidi ya 80 na kusomba nyumba na vyote vilivyokuwamo. Nakala ya skani ya kila karatasi, ikihifadhiwa kwenye barua pepe ya mwenyewe, haipotei kwa mafuriko.

Laini ya simu ndiyo ufunguo wa akaunti siku hizi, na wanaosafiri huisahau. Namba iliyosajiliwa benki hupokea ujumbe wa miamala na namba za uthibitisho. Isipotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu huifunga na baadaye inaweza kuigawa kwa mteja mwingine. Meseji za benki zitakwenda kwa mtu huyo, huku mwenye fedha akiwa hajui lolote. Matapeli nao hutumia mlango huohuo kwa kuirudisha laini ya mtu kwa udanganyifu na kuanza kuhamisha fedha. Anayehamia nje anapaswa kuiweka hai namba yake, akiwasha huduma ya kuitumia ng'ambo, au kwenda tawini kabla ya kuondoka kubadilisha namba na barua pepe zilizosajiliwa. Akigundua wizi, kwanza aitake benki ifungie akaunti na kampuni ya simu ifungie laini, kisha ndipo aandike barua.

Barua ya malalamiko yenye nguvu ni fupi. Inataja tarehe na saa ya muamala, kiasi, namba ya kumbukumbu, mahali au njia iliyotumika, na kile hasa kinachodaiwa. “Naomba mnisaidie” haitoshi. “Naomba nirudishiwe shilingi 640,000 zilizokatwa mara ya pili, na nielezwe kwa maandishi sababu ya makato hayo” ni dai linaloweza kujibiwa. Kama ni suala la ATM, barua iombe kumbukumbu za mashine na picha za kamera zihifadhiwe mara moja, kwa kuwa picha hizo hufutwa baada ya muda. Mazungumzo ya simu na benki yafuatiwe na barua pepe inayorudia yaliyosemwa. Mlalamikaji adai namba ya lalamiko, maana lisilo na namba ni rahisi kusema halikufika. Kwa muamala wa kadi ya Visa au Mastercard uliofanyika dukani au mtandaoni, benki iliyotoa kadi inaweza kuudai upya kupitia mtandao wa kadi, lakini muda wa kawaida ni siku 120. Anayesubiri mpaka likizo ya Krismasi ili aende mwenyewe Katesh anaweza kukuta dirisha limefungwa.

Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinailazimu kila benki kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyajibu ndani ya muda uliowekwa. Benki ikinyamaza au jibu lake lisiporidhisha, lalamiko hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina dawati la kutatua malalamiko tangu mwaka 2015. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa hiyo jibu la benki likipokelewa lisiwekwe kando. Benki Kuu haimsikilizi aliyeruka hatua ya kwanza, wala haichukui shauri ambalo tayari liko mahakamani. Huduma hiyo haina malipo, Kiswahili kinatosha, na nyaraka zinaweza kutumwa kwa njia ya mtandao. Kwa ndugu aliye Manyara anayefuatilia, ofisi iliyo karibu ni tawi la Benki Kuu la Arusha. Ngazi hii inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana sasa, kwa sababu wengi hukata tamaa kwenye kaunta bila kujua kwamba juu ya kaunta yupo msimamizi.

Benki yenyewe ikifa, njia hubadilika. Benki Kuu iliifutia leseni benki ya FBME tarehe 8 Mei 2017, na Januari 2018 ikazifungia benki tano ndogo, ikiwemo Meru Community Bank ya mkoa jirani wa Arusha. Hapo madai huelekezwa Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo ilimlipa mteja hadi shilingi milioni 1.5; mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi milioni 7.5. Matangazo ya kuwaita wenye amana hutolewa kwenye vyombo vya habari vya nyumbani, na aliye Riyadh huyakosa asipokuwa na mtu wa kumwarifu.

Akaunti iliyolala kwa muda mrefu haimaanishi fedha zimepotea. Sheria huzipeleka Benki Kuu baada ya miaka mingi, na mwenye haki anaweza kuzidai. Kama mwenye akaunti amefariki, benki haitazungumza na mtoto aliyeko nje mpaka ukoo ukae, muhtasari uandikwe na mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Mrithi aliye mbali anaweza kutuma ridhaa yake kwa maandishi, na anafanya vizuri kutaja ndani yake akaunti zote anazozijua.

Mahakama hubaki kuwa njia ya mwisho. Dai linalotokana na mkataba, kama ulivyo uhusiano wa mteja na benki, lina ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu barua pepe na kumbukumbu za kompyuta kupokewa kama ushahidi, ndiyo sababu meseji za benki hazifai kufutwa. Wakili, au mwenye hati ya uwakilishi kwa niaba ya asiyekuwepo nchini, anaweza kuendesha shauri hilo, ingawa ushahidi wa yale aliyoyajua mwenye akaunti peke yake hauwezi kutolewa na mwakilishi.

Aliyerudi Mbulu akiwa na dai dhidi ya benki ya ugenini naye ana mlango. Uingereza, benki kwa kawaida hupewa wiki 8 kutoa jibu la mwisho, kisha mteja ana miezi 6 ya kulipeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service bila malipo na bila kulazimika kuwa nchini humo. Falme za Kiarabu zina Sanadak, chombo huru cha kusikiliza malalamiko dhidi ya mabenki na kampuni za bima. Huko nako lalamiko huanza kwa benki yenyewe, kwa maandishi, na mteja hutunza namba ya lalamiko lake.