Siha ya Wanawake Mjini Doha

Rasi ya Qatar imechomoza baharini kutoka Bara Arabu, na mji wake mkuu, Doha, uko pwani ya mashariki, mahali ambapo wazee wa wenyeji waliishi kwa kuzamia lulu, na ambapo gesi na mafuta vimeleta utajiri uliobadili, katika umri wa mtu mmoja, chakula cha watu, mwendo wao na maradhi yao.

Kwa upande wa matibabu ya wanawake, serikali haikufanya ubahili. Hospitali ya Rumailah ilifunguliwa mwaka 1957, Hospitali ya Wanawake ikafuata mwaka 1988, kisha mwaka 2017 kazi zake zikahamishiwa katika jengo jipya lenye kujumuisha matibabu na utafiti. Na mwaka 2018 ikafungua wodi zake Sidra, hospitali ya kina mama na watoto. Mbele ya Sidra zimepangwa sanamu 14 kubwa za shaba, kazi ya Damien Hirst wa Uingereza, zinazoonyesha safari ya mimba tangu kutunga kwake, hatua kwa hatua, hata kufikia mtoto mchanga mwenye urefu wa mita 14, ambaye mpita njia humwona kutoka mbali.

Mila nazo hazikutupwa. Mzazi hutunzwa siku arubaini, akapikiwa uwatu kama apikiwavyo mzazi wa Unguja au Lamu, na katika vituo vya afya aghalabu wanawake hutengewa ukumbi wao wa kungojea, wakatibiwa na tabibu mwanamke kwa ajili ya staha. Na kwa kuwa ndoa za binamu ni nyingi, na maradhi ya damu hurithiwa, sheria imewalazimu wachumba, tangu mwaka 2009, kupimwa kabla ya akdi.

Balaa iliyokuja pamoja na neema ni unene na kisukari. Joto la kiangazi hupita digrii 40, watu hujifungia penye ubaridi wa mashine, na hata chai ya karak, yenye maziwa na sukari nyingi, huletewa mtu dirishani mwa gari baada ya kupiga honi tu. Ndipo serikali ilipoamrisha, tangu mwaka 2012, Jumanne ya pili ya Februari iwe siku kuu ya michezo, na mwaka 2016 ikaanzisha mpango wa kuwaita wanawake wa miaka 45 hadi 69 wapimwe saratani ya matiti kabla hawajaona dalili yoyote. Jioni za majira ya baridi, kandokando ya bahari pale Corniche, utawaona akina mama waliovaa abaya na viatu vya mpira wakitembea kwa haraka, makundi kwa makundi.

Lakini wakazi walio wengi ni wageni, na miongoni mwao wamo mabinti wa Kenya, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki wanaotumikia majumbani. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 imewapa haki ya kutofanya kazi zaidi ya saa kumi kwa siku, kupumzika siku moja kila wiki, na kutibiwa kwa gharama ya mwajiri. Haki hizo ni njema, ila hutimizwa ndani ya nyumba ya mtu, nyuma ya mlango uliofungwa, ambapo msichana mwenye homa au maumivu ya tumbo hawezi kufika kwa tabibu mpaka mwenye nyumba akubali kumpeleka. Na kituo cha afya, hata kiwe karibu namna gani, hakimfai asiye na ruhusa ya kutoka.

Kwa hiyo mzazi anayemuaga bintiye aendaye Doha asiridhike kuuliza mshahara peke yake. Na aulize pia, kabla mkataba haujatiwa saini, siku ya mapumziko ni ipi, kadi ya afya itakatwa lini, na simu ya binti itakaa mkononi mwa nani; maana siha ya mwanamke hulindwa kwanza na uhuru wake wa kupumzika na wa kusema kuwa anaumwa, ndipo hospitali zikamfaa.