Tusiudharau Udongo Wetu

Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikemea kasumba ya kudhani kwamba nyumba si nyumba bila saruji na bati. Kemeo hilo lingali linatuhusu sisi wana-Singida.

Tembe ya wazee wetu, kuta udongo na paa udongo, huzuia jua la mchana na baridi ya usiku. Kasoro zake ni mchwa na kuvuja. Tofali la kuchoma ni imara, ila huteketeza miti yetu.

Njia ipo: udongo uchanganywe na saruji kidogo, ushindiliwe kwa mashine, tofali likomazwe kwa maji bila kuni. Vijiji vishirikiane kununua mashine hizo. Tujenge nyumba bora bila kuiacha ardhi uchi.