Safari ya ndege kutoka Nakivale: Nauli ya abiria hujumuisha nini, na nini anaweza kudai?

Kwa familia nyingi zinazoondoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, ndege inayopaa kutoka Entebbe huwa ya kwanza kupanda maishani. Abiria wa namna hiyo mara nyingi hudhani kwamba kila anachopewa njiani ni hisani, na anachonyimwa hakina pa kuulizia. Ukweli ni tofauti: chakula, mizigo na msaada wakati wa kuchelewa vyote vimo ndani ya tiketi, na tiketi hiyo imelipiwa.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, na inawahifadhi watu kutoka Congo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Wanaokubaliwa kuhamia nchi ya tatu hupangiwa safari na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Safari hizo zilipungua sana baada ya Rais Donald Trump kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025, na baadhi ya waliokwisha kupangiwa ndege walifutiwa safari.

Nani hulipa nauli?

Baadhi ya nchi, kama Australia, hugharimia nauli ya wakimbizi zinaowachagua. Kwa Marekani na Canada, utaratibu wa kawaida umekuwa mkopo. Mkimbizi anayekwenda Marekani hutia saini hati ya ahadi ya kulipa kabla ya kuondoka, na marejesho, ambayo hayana riba, huanza takriban miezi sita baada ya kufika. Kwa maneno mengine, mkulima wa mahindi wa Nakivale aliyeketi nyuma ya mfanyabiashara wa Mbarara ni mteja wa shirika la ndege sawa na huyo aliye mbele yake.

'Huduma kamili' maana yake nini?

Mashirika ya nauli nafuu huuza kiti peke yake. Mzigo, chakula na hata uchaguzi wa kiti hulipiwa kando. Mashirika ya huduma kamili huviweka pamoja katika bei moja. Miongoni mwa yanayotua Entebbe ni Ethiopian Airlines, Qatar Airways, Emirates, Turkish Airlines, KLM na Brussels Airlines. Uganda Airlines, lililofufuliwa mwaka 2019, nalo lina safari za masafa marefu, ikiwemo ya London iliyoanza mwaka 2025.

Katika safari ndefu, abiria wa daraja la kawaida hutarajia mlo mmoja au zaidi, maji na vinywaji, blanketi, na skrini ya filamu mbele ya kiti. Hakuna malipo ya ziada kwa kuomba maji mara ya pili. Blanketi hata hivyo ni mali ya ndege na hubaki kitini.

Chakula cha halali, cha wagonjwa wa kisukari au cha watoto hupatikana bila malipo, lakini huagizwa mapema, kwa kawaida saa 24 au zaidi kabla ya safari. Anayesafirishwa na IOM anapaswa kulisema jambo hilo kwa maofisa wanaomwandalia safari. Akilitaja akiwa angani, huenda amechelewa.

Mizigo

Si kila tiketi ya shirika la huduma kamili ina mzigo ndani yake, kwani baadhi ya mashirika sasa huuza pia tiketi za bei ya chini zisizo na begi kubwa. Jibu limo kwenye tiketi yenyewe: alama 2PC maana yake ni mizigo miwili, kila mmoja mara nyingi usiozidi kilo 23. Mzigo wa mkononi, kwa mashirika mengi, huishia kilo 7.

Dawa, hati na miwani havifai kuwekwa katika begi kubwa. Vivyo hivyo mfuko wa IOM wenye karatasi za safari: hubebwa mkononi, mahali panapoonekana, kwa sababu ndio unaowawezesha maofisa wa viwanja vya njiani kumtambua abiria anayehitaji kuongozwa.

Samli ya Ankole na nyama iliyokaushwa haviruhusiwi kuingizwa na abiria katika nchi za Umoja wa Ulaya kutoka nje ya umoja huo. Marekani humtaka abiria atamke kila chakula alichobeba. Anayeficha anaweza kutozwa faini.

Saa za tiketi

Kosa linalowagharimu wengi ni la tarehe. Tiketi hutumia mtindo wa saa 24, na siku huanza usiku wa manane. Ndege ya 00:35 ya tarehe 14 huondoka saa sita na dakika 35, usiku wa kuamkia tarehe 14. Anayefika Entebbe jioni ya tarehe 14 ameachwa tangu jana usiku. Wananchi wa Ethiopia huhesabu saa kama Waswahili, lakini mbao za matangazo za uwanja wa Addis Ababa hufuata saa za kimataifa.

Ndege ikichelewa, mzigo ukipotea

Safari zote zikiwa katika tiketi moja, shirika lililomchelewesha abiria hadi akakosa ndege ya pili ndilo linalopaswa kumtafutia nyingine. Hana haja ya kununua tiketi mpya; aende kwenye dawati la wanaounganisha safari, aoneshe pasi yake ya kupandia ndege.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inawahusu pia wanaotoka Afrika kwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya, kwa mfano wanaotoka Entebbe kwenda Brussels kwa Brussels Airlines. Abiria hupewa chakula akisubiri kwa muda mrefu, na malazi ikibidi kulala. Katika safari ya zaidi ya kilomita 3,500, akifika akiwa amechelewa kwa saa nne au zaidi, anaweza kudai euro 600, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika, kama hali mbaya ya hewa.

Kuhusu mizigo, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 huweka kikomo cha fidia ambacho, tangu mwisho wa mwaka 2024, kinazidi kidogo dola 2,000 za Marekani kwa kila abiria. Hicho ni kikomo tu. Hulipwa kulingana na hasara iliyothibitishwa. Begi lililoharibika hutolewa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa, na lisiloonekana kwa siku 21 abiria anaweza kulidai kuwa limepotea.

Madai hayo yote hutegemea karatasi ndogo yenye namba inayobandikwa kwenye pasi ya abiria pale Entebbe anapokabidhi begi lake. Itunzwe hadi begi lipatikane, na fomu ya taarifa ijazwe kabla ya kutoka nje ya uwanja wa kufikia. Asiyejua lugha ya huko anaweza kuomba mkalimani au msaada wa anayempokea kabla ya kutia saini.