Tununue Trekta Letu au Tukodi la Watu?

Mwezi huu tunawaletea habari ya trekta. Msicheke. Najua wengine mtasema, mkimbizi na trekta wapi na wapi? Lakini hii habari ilituchukua jioni tatu nzima chini ya mti, na ilibaki kidogo tu ituvunjie kikundi.

Sisi ni familia 16 za kikundi kimoja cha kuweka na kukopa hapa Nakivale. Sanduku letu lina kufuli tatu kama masanduku mengine yote, na funguo ziko kwa watu watatu. Kila familia inalima kama ekari moja, mahindi na maharage. Tangu mgao wa chakula ulipoanza kupangwa kwa makundi mwaka 2023, hilo shamba ndilo limekuwa ghala, ndilo ada ya shule, ndilo dawa.

Yaliyotupata

Msimu wa Machi tulichanga pesa tukakodi trekta kubwa kutoka nje ya makazi. Mwenye trekta alitaka pesa yote mbele, nasi tukampa. Akasema atakuja Jumatatu. Jumatatu ikapita, na ya pili ikapita. Simu ilikuwa inaita tu. Alipofika, mvua ilikuwa imeshanyesha wiki mbili na zaidi. Akalima mashamba manane, plau likavunjika, akaondoka "kutafuta spea". Hakurudi.

Familia nane zilizobaki zilishika jembe la mkono. Walipanda wamechelewa, na mahindi yao yalitoa ua wakati mvua inakata. Mkulima yeyote anajua maana yake: mahindi yakikosa maji wakati wa ua, utavuna majani. Mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Alipata magunia mawili.

Ndipo vijana wetu wakasema: "Basi! Tununue letu. Tusipigiwe tena danadana na mtu." Na kusema kweli, siku ile karibu wote tulipiga makofi.

Trekta gani hasa?

Trekta dogo la magurudumu manne ni zuri, lakini bei yake iko mbali na sanduku letu. Tulilokuwa tunalizungumza ni lile la magurudumu mawili, unalishika kwa mikono na kutembea nyuma yake. Ndugu zetu wa Tanzania huliita pawatila. Injini yake ni ya dizeli, nyingi zina nguvu ya farasi 10 hadi 18. Lina visu vinavyozunguka na kukatakata udongo, na unaweza kulifunga plau au tela.

Mashine hii ilienea sana kwenye mashamba ya mpunga ya Asia, kwenye udongo laini wenye maji. Kwenye udongo mkavu na mgumu inarukaruka tu, inakwaruza juu. Ikikuta visiki na mawe, visu vinapinda.

Majirani zetu Tanzania wameliona hilo kwa macho. Baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kuanza mwaka 2009, pawatila nyingi ziliingia vijijini. Kwenye mpunga zilisaidia. Mahali penye udongo mgumu, nyingine zilisimama, nyingine zikageuka kuwa za kubeba mizigo. Na zamani zaidi, kati ya 1947 na 1951, Waingereza walipeleka matrekta makubwa kulima karanga kule Kongwa. Udongo wa kule wakati wa kiangazi ni kama tofali. Visu vilikwisha, mashine zikaharibika, mpango wote ukafa. Wale walikuwa na serikali nzima nyuma yao. Sisi tuna sanduku la kufuli tatu.

Hesabu yetu

Jioni ya pili tulileta daftari. Bei hizi tumeziweka kwa mfano tu, ziwe rahisi kuhesabu. Ninyi wekeni bei za kwenu, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

Kukodi: tuseme ekari moja ni shilingi 120,000. Familia 16, misimu miwili, ni ekari 32 kwa mwaka. Jumla 3,840,000.

Kununua: tuseme mashine ni shilingi 9,000,000 na itafanya kazi miaka mitano. Maana yake kila mwaka inakula 1,800,000 ya bei yake, hata kama imelala. Oili, visu, mikanda na fundi, tuseme 1,350,000 kwa mwaka. Dizeli lita 8 kwa ekari, kila lita 5,000, ni 40,000. Mwendeshaji 20,000 kwa ekari. Hizo mbili ni 60,000 mara ekari 32, yaani 1,920,000. Jumla yote 5,070,000 kwa mwaka.

Mmeona? Kumbe letu wenyewe lingetugharimu 1,230,000 zaidi ya kukodi, kila mwaka.

Kijana mmoja akauliza swali zuri: "Sasa ni ekari ngapi ndiyo inalipa kununua?" Tukahesabu. Gharama zisizobadilika ni 3,150,000. Kila ekari tunayojilimia inatuokolea 60,000. Gawanya: ni ekari 52 na nusu. Chini ya hapo, kodi. Juu ya hapo, unaweza kununua. Lakini ekari 53 kwa misimu miwili ni karibu 27 kwa msimu, na pawatila inalima kama ekari moja, au moja na nusu, kwa siku. Hizo ni wiki tatu mpaka nne za kulima bila kupumzika, bila kuharibika, bila mwendeshaji kuugua. Mvua haingoji hivyo.

Na msifikiri mwendeshaji anapumzika. Plau la upana wa sentimita 20 linakutembeza kilomita 20 ili umalize ekari moja. Wanaotembea hizo kilomita ni watoto wetu.

Wanaotaka kununua wana hoja

Hatutaki kuwaficha upande wa pili. Mashine yenye tela haikai bure wakati wa kiangazi: inabeba mahindi mpaka sokoni, inabeba maji, kuni, matofali. Pesa hiyo inaweza kubadilisha hesabu yote. Na ikiwa yako, hupigi simu kwa mtu akakuzimia.

Lakini kuna mambo matatu tulilazimika kuyatazama usoni.

Kwanza, ardhi. Hapa Uganda sheria inaturuhusu kufanya kazi na kumiliki mali, lakini shamba tumepewa kulitumia, si kuliuza. Kipande kinaweza kupunguzwa wageni wakija. Mashine inayohitaji ekari 53 haiwezi kutegemea ekari ambazo si zetu.

Pili, safari. Wengine wetu wanasubiri kwenda nchi ya tatu, wengine wanawaza kurudi nyumbani. Trekta haliingii kwenye mfuko wa IOM. Mwenzetu akiitwa, atadai fungu lake. Nani atamlipa, na kwa bei gani, ya mashine mpya au ya mashine iliyochakaa? Undugu mwingi umekufa hapo.

Tatu ni swali la yule mama wa magunia mawili. Alikuwa amekaa kimya jioni zote mbili. Jioni ya tatu akasimama, akasema: "Mimi sina haja na bei ya masini. Nataka nijue tu nani atakuwa wa mwisho."

Tukanyamaza. Maana ni kweli. Mashine ikiwa yetu, foleni inabaki pale pale. Ekari 16 ni siku 16 za pawatila, au 11 mkienda mbio sana. Kuna wa kwanza na kuna wa mwisho. Tena likiwa letu, wa kwanza atakuwa mwenyekiti, wa pili shemeji yake, na wa mwisho ni yule yule. Sisi tulikuwa tunagombana juu ya mashine, na kumbe kilichomnyima yule mama mavuno ni zamu.

Tulichoamua

Tuliamua kukodi, lakini si kama zamani. Haya ndiyo masharti yetu:

1. Tunakodi pamoja, si mmoja mmoja. Mashamba yetu 11 yanapakana, matano yako upande wa pili wa barabara. Trekta kubwa likipata kazi ya ekari 16 mahali pamoja, linamaliza siku mbili au tatu. Mwenye trekta anaipenda kazi hiyo, maana hapotezi dizeli njiani wala hazungukizunguki kwenye kona.

2. Pesa haitoki yote mbele. Tunatoa ya dizeli tu. Iliyobaki inalipwa jioni ya kila siku, kwa ekari zilizokwisha kulimwa na kupimwa.

3. Tunapima kwa kamba, si kwa hatua. Watu husema ekari ni hatua 70 kwa 70. Sawa, lakini hatua za nani? Mtu wa hatua fupi ya sentimita 80 atakupimia mita 56 kwa 56, na hapo amekula karibu robo ya ekari. Ekari ya kweli ya mraba ni kama mita 64 kila upande. Kateni kamba ya mita 64, iwekeni kwenye sanduku.

4. Kuna karatasi. Tarehe, bei, kina cha kulima, na neno hili: akichelewa siku tatu, pesa ya dizeli inarudi na sisi tunatafuta mwingine. Tunasaini mbele ya mwenyekiti wa RWC.

5. Aliyekuwa wa mwisho msimu uliopita anakuwa wa kwanza msimu huu. Orodha inageuzwa kila msimu, na inasomwa kwa sauti mbele ya wote.

6. Trekta likiharibika, hakuna mtu anayeachwa peke yake. Tunakwenda wote na majembe kwenye mashamba yaliyobaki, kama likelemba, lakini ya majembe. Asiyekuja anatoa pesa ya kibarua.

Ikawaje?

Mvua za Septemba zilipokaribia tulijaribu. Trekta lilichelewa siku mbili, tukavumilia. Lilianza kwa yule mama. Alisimama pembeni ya shamba na kamba ya mita 64 mkononi, akapima mwenyewe, mara mbili. Dereva alikasirika kidogo, kisha akacheka.

Lililima mashamba 14. Siku ya tatu mchana likagoma, pampu ya dizeli ikakataa. Mashamba mawili yakabaki. Kesho yake asubuhi tulikuwa watu 31 na majembe, na keshokutwa jioni yote mawili yalikuwa tayari. Moja lilikuwa la mwenyekiti wetu, aliyekuwa wa kwanza msimu wa Machi. Safari hii alikuwa wa mwisho, na alilimiwa.

Hatujavuna bado, kwa hiyo hatujisifu. Mahindi ya yule mama sasa yanamfika kiunoni. Pesa iliyobaki kwenye sanduku tuliigawa mkopo wa mbegu na wa ada. Vijana bado wanataka pawatila, nasi hatujawafungia mlango. Tumewaambia hivi: tutafuteni vikundi vingine vitatu vya kushirikiana navyo, hesabuni ekari, tafuteni kazi ya tela ya miezi yote, tafuteni fundi aliye karibu, na mtuambie mwenzetu akisafiri atalipwaje. Mkileta majibu ya hayo yote, tutafungua kufuli.

Ya kuzungumza nyumbani

Jioni hii mkiwa mnangoja chakula, ulizaneni: Tunalima ekari ngapi za kweli, kwa kamba? Msimu uliopita tulilipa shilingi ngapi kwa kulimiwa, na ni ekari ngapi zilizolimwa vizuri? Na kwenye kikundi chetu, nani huwa wa mwisho kila mara?

Kama ninyi mmeshanunua mashine na inawalipa, tuleteeni hesabu zenu. Tutafurahi kuzichapa mwezi ujao, hata kama zitatuumbua. Kilimo chema.