Mzinga wa Mfukoni

Ipole, wilayani Sikonge, ndipo barabara itokayo Tabora inapogawanyika: moja yaenda Mpanda, nyingine yashika Rungwa kuelekea Mbeya. Kaa hapo njia panda ukisubiri basi, uwatazame vijana wa bodaboda. Kidole gumba kinapandisha video simuni, kinapandisha tena. Harusi, mapishi, mtu kateleza kaangukia tope. Muulize mmoja ameona nini dakika kumi zilizopita, atacheka tu.

Mrina asali wa huko angemwelewa upesi. Ametundika mizinga ya magome msituni: huu nyuki wamehamia, ule mtupu, wa tatu umejaa masega mpaka unaelemea. Kinachomrudisha porini si utamu peke yake, bali kutojua ni upi uliojaa.

Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima ubongo wa kima waliopewa matone ya maji ya matunda. Tone lilipokuja ghafla, seli zinazotoa dopamini zilishtuka. Kima walipolizoea, seli ziliacha kulijali tone, zikaitikia ishara inayolitangulia. Ishara ikija bila tone, zilinywea. Kwa hiyo kuiita dopamini “homoni ya raha” ni kurahisisha mno. Kazi yake hapa inafanana na ya karani anayelinganisha ulichotarajia na ulichopata. Instagram na TikTok humchanganyia karani huyo hesabu: video kadhaa za hovyo, kisha moja inakuvunja mbavu.

Na kwa nini picha zitunase kuliko maandishi? Kusoma twafundishwa, sura ya mtu hata mtoto mchanga huikodolea macho. Mwaka 1973 Lionel Standing aliwaonyesha watu hadi picha 10,000, na baadaye wakatambua sehemu kubwa. Yule kijana naye hawezi kukusimulia alichoona, lakini mrudishie video ileile: “Hii nishaiona.”

Kuna pia kujipima. Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba tunajipima kwa wenzetu, hasa wanaofanana nasi. Enzi za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi aliporudi kutoka Bagamoyo na doti zake za kitambaa, kijiji kiliona pia sugu za mabegani na kujua nani hakurudi. Picha ya simuni huja na kitambaa bila sugu, na vijana, hasa wasichana, huumia zaidi wanapolinganisha miili.

Msimu ukipita, mizinga huachwa nyuki wajijenge. Ukurasa wa intaneti nao ulikuwa na mwisho, hadi mwaka 2006 Aza Raskin alipobuni ule usio na chini, jambo ambalo baadaye alilijutia hadharani. Anayetaka kuurudishia mwisho azime arifa, na usiku simu ichajiwe chumba kingine. Hapo njia panda ya Ipole hawahitaji ushauri huo sana: bando hukatika lenyewe.