JE, GEMU ULILONUNUA NI LAKO?



Ndugu msomaji, vijana wetu hapa Musoma, Bunda na Butiama siku hizi wanacheza magemu ya kompyuta, na wazazi wanaombwa pesa za kuyanunulia. Kabla ya kutoa pesa, ni vyema tujue tunanunua nini hasa.

Katika fiqhi tunasoma kwamba kuuziana na kukodishana ni mikataba miwili tofauti. Ukinunua baiskeli sokoni Bunda, inakuwa milki yako. Unaweza kuiazima, kuiuza au kuitoa hiba, na ukifa inaingia katika mirathi. Lakini ukiikodi, umelipia manufaa yake tu kwa muda mliopatana. Baiskeli inabaki kuwa ya mwenyewe.

Gemu la zamani la sidii lilifanana na baiskeli ya kununua. Ulikuwa nayo mkononi na uliweza kumpa mwenzako. Leo magemu mengi huuzwa kwa intaneti katika maduka kama Steam. Mteja huambiwa "nunua", lakini mkataba unasema anapewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Tena akaunti yenyewe hairuhusiwi kuuzwa wala kuhamishiwa mtu mwingine.

Madhara yake yalionekana mwaka 2024. The Crew, gemu la mbio za magari la kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, lilitoka mwaka 2014 na lilitegemea mitambo ya kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo ilizimwa. Walionunua, hata wenye diski, hawakuweza kulicheza tena. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za namna hii asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharar, ambayo ndani yake kinachouzwa hakijulikani vizuri. Hapa Tanzania nako, Sheria ya Ushindani wa Haki ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Je, basi tunakili magemu bila kulipa? Hapana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilitamka kuwa haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sheria ya dini na haifai kuzidhulumu. Kosa la muuzaji halihalalishi dhulma ya mnunuzi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, zingatia haya:

1. Soma mkataba. Ukiona neno leseni, jihesabu kuwa unakodi, kisha pima kama bei inafaa.

2. Uliza kama gemu linachezeka bila intaneti. Duka la GOG, kwa mfano, humruhusu mnunuzi kupakua gemu na kulihifadhi mwenyewe.

3. Jua haki ya kurudishiwa pesa. Steam hurudisha ukiomba ndani ya siku 14, iwapo hujacheza kufikia saa 2.

4. Mwanafunzi, usilipe kwa simu ya mzazi bila idhini yake. Simu uliyopewa ni amana, na pesa iliyomo si yako.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.